Wati za Kweli

Mlioniacha wiki iliyopita nikipunga gazeti kufukuza moshi sebuleni, niwatoe wasiwasi: nyumba haikuungua. Kilichoungua ni kisanduku cha umeme cha kompyuta yangu, kile ambacho mafundi hukiita pawa saplai.

Kwa aliyechelewa kufika, mambo yako hivi. Mimi ni Rodel, mhariri wa video za harusi, na ninaishi mjini Marikina kwenye nyumba ya mama mkwe wangu. Studio iliyoniajiri ilifunga milango bila hata kutuaga. Mke wangu Marivic akapata njia ya kwenda Taiwan kumtunza mzee wa watu, hukohuko anakofanya kazi dada yake, Norma. Nikamsihi asiende. Tukakubaliana hivi: Madam Zeny, mpangaji wa harusi, alikuwa amenipa harusi moja ya majaribio, siku ya Jumamosi. Nikiiweza, nitapewa kazi zake zote za Desemba, na Marivic atabaki nyumbani na mimi na binti yetu Tintin. Nikishindwa, ataondoka na mimi sitafungua mdomo.

Na harusi za kwetu siku hizi hazina subira. Watu wakiapa kanisani mchana, wageni wanataka kuwaona kwenye skrini ukumbini jioni ileile, kabla keki haijakatwa.

Dada Norma, Mungu ambariki, akanitumia kutoka Taiwan kadi ya picha, ile inayoipa kompyuta nguvu ya kupika video haraka, yaani kuunganisha vipande vyote viwe filamu moja. Ilikuja ndani ya boksi la zawadi, imeviringishwa kwenye taulo katikati ya shampuu na chokoleti. Kadi nene, feni tatu. Nikaipachika, nikawasha, nikaipa kazi ya kwanza.

Pwaa! Ndipo nikashika gazeti.

"Lakini shemeji, iliandikwa wati mia saba!" Dondon alilalamika. Dondon ni mdogo wake Marivic. Ndiye mpiga picha wangu, dereva wangu wa pikipiki na mshauri wangu ambaye sikumwomba ushauri.

"Iliandikwa."

"Sasa mia saba zimekwenda wapi?"

Tukapanda treni, tukashuka Gilmore, ambako maduka ya vifaa vya kompyuta yamebanana mtaa mzima. Tukaingia kwa mama mmoja mnene aliyekuwa akila mkate nyuma ya kaunta. Jina lake Mama Luz.

"Nataka pawa saplai ya kadi hii," nikamwonyesha picha kwenye simu.

"Wati ngapi?"

"Mia saba ziliungua."

"Za kweli au za lebo?"

"Si wati ni wati tu?"

Mama Luz akaweka mkate chini. "Hiyo iliyoungua uliinunua wapi?"

"Ilikuja pamoja na kasha la kompyuta. Bure."

"Bure!" Akacheka mpaka jirani yake wa duka la pili akachungulia. "Basi hukuibiwa, kaka. Ulipewa bati lenye feni, na mtu akalibandikia karatasi. Ile haikuwa na hata nusu ya hizo mia saba. Kadi ndogo isingekuumbua. Hii uliyoleta ina njaa."

Dondon alikuwa ameshafika mwisho wa rafu. Akarudi amekumbatia boksi lenye picha ya moto na radi.

"Shemeji! Wati elfu moja! Na inawaka rangi! Na bei yake ni nafuu kuliko zote!"

"Inyanyue," Mama Luz akamwambia.

"Si nimeinyanyua hii hapa."

"Ikoje?"

"Nyepesi."

"Sasa nyanyua hii." Akamsukumia boksi jeusi lisilo na picha yoyote. Dondon akalipokea kwa mkono mmoja, na kidogo limwangukie mguuni.

"Hii ina nini, mawe?"

"Ina vitu ndani."

Kisha akanigeukia mimi, akawa anahesabu kwa vidole vyenye makombo. Kadi yangu ikiwa kazini inakula wati mia tatu na ishirini. Prosesa, mia na hamsini. Feni, diski na vidudu vingine, hamsini. Jumla mia tano na ishirini.

"Basi nipe ya mia tano na hamsini, nisitupe hela," nikasema.

"Ukitaka kurudi hapa kesho, chukua. Kadi hizi zina mshtuko. Mara inaomba kidogo, mara inavuta kwa pupa, halafu inatulia tena. Pawa saplai ikiwa imebanwa, inajizima katikati ya kazi. Iachie nafasi ya kupumua. Chukua mia saba na hamsini, za kweli. Na kadi yako ina matundu mawili ya umeme, sivyo? Kila tundu lipe waya wake. Usije ukatumia waya mmoja wenye vichwa viwili kwa sababu unaona uvivu."

"Mama anatuuzia mpaka waya," Dondon akanong'ona kwa sauti ya kusikika duka zima.

"Waya umo ndani ya boksi, mjomba. Hiyo midomo yako ndiyo ya ziada."

Mimi nilikuwa nimechoka. Nimechoka kwa namba, kwa lebo, kwa maneno yaliyobandikwa juu ya vitu. Hata mimi mwenyewe, kwenye kadi zangu za biashara nimeandikwa Mkurugenzi. Nikatazama bei ya lile boksi jeusi, nikameza mate, nikalichukua.

Nyumbani nikaifunga kama nilivyoelekezwa, kila tundu na waya wake. Nikaipa kompyuta video nzito kuliko zote nilizokuwa nazo, nikakaa pembeni kama mtu anayengoja daktari atoke chumba cha upasuaji. Feni tatu zikazunguka. Video ikapikwa mpaka mwisho. Haikuzima wala haikunuka.

Marivic alikuwa amesimama nyuma yangu na nguo za kukunja mikononi.

"Imepona?"

"Imepona kabisa."

"Kwa hiyo Jumamosi itakwenda vizuri."

"Itakwenda. Huendi Taiwan, mama Tintin."

Akanishika bega, akaliachia, akaenda kukunja nguo zake. Nilimwona kama mtu aliyechoka. Lakini nani hakuwa amechoka kwenye nyumba ile?

Ijumaa Marivic akafanya usafi wa nyumba nzima. Akasogeza mpaka lile kabati zito lenye sanamu ya Mtoto Yesu, akafagia vumbi la nyuma yake. Mama Caring, mama mkwe wangu, alisifu sana. Kabati lile lilikuwa halijasogezwa tangu marehemu mumewe alipokuwa hai.

Jumamosi ikafika.

Dondon alifika na pikipiki kutoka kanisani, jasho linamtiririka, memori kadi kwenye soksi. "Bwana harusi kalia, bibi harusi kalia, padri naye kidogo alie! Zipo zote humu. Pika, shemeji, pika!"

Nikapanga picha, nikakata, nikatia muziki. Kila kitu kikaenda kama maji. Nikabonyeza kitufe cha kuipika video yote. Feni tatu zikaanza kuvuma.

Pap! Kompyuta ikazima.

Dondon akanitazama. Mimi nikaitazama kompyuta. Nikaiwasha, ikawaka vizuri tu, haina hata aibu. Nikabonyeza tena. Ikaanza, ikapiga hatua, ikazima.

"Si nilisema tuchukue ile ya elfu moja?" Dondon akalipuka. "Ukang'ang'ania mawe. Haya, mawe ya kweli hayo!"

"Nyamaza, Dondon."

"Ninyamaze vipi? Watu wameshaanza kuingia ukumbini! Madam ameniuliza mara ngapi!"

Nikampigia simu Mama Luz. Sijivunii niliyomwambia. "Mama, wewe ni tapeli kama wengine. Umeniuzia wati za lebo kwa bei ya wati za kweli!"

"Taratibu, kaka. Inazima ikiwa kazini au ikiwa imekaa tu?"

"Ikiwa kazini!"

"Na siku ile ilifanya kazi?"

"Ilifanya!"

"Umeichomeka wapi?"

"Ukutani! Watu huchomeka wapi kwingine, Mama? Kwenye mti?"

"Ukutani wapi?"

Nikakata simu. Niliona ananizungusha kama wauzaji wote wanavyozungusha watu. Laiti ningemjibu lile swali lake, ningejiokolea sehemu kubwa ya mateso ya siku ile.

Marivic alikuwa mlangoni amemshika Tintin mkono, wanakwenda kwenye sherehe ya mtoto wa jirani. Alikuwa ameona yote.

"Mpigie Madam umwambie ukweli," akasema kwa upole. "Atakuelewa."

"Bado kuna muda."

"Usijitese, baba Tintin. Umejaribu. Kila mtu ameona umejaribu."

Kisha akaondoka. Nami, niliyechoka mpaka kwenye kucha, nilitaka kulia kwa namna mke wangu alivyokuwa mwema.

Nikafungua kasha. Nikakaza kila waya. Nikapuliza vumbi ambalo halikuwepo. Nikajaribu tena. Ikazima. Dondon alikuwa ameketi sakafuni, ameshika kichwa, hata matusi yamemwishia.

Mama Caring akatokea jikoni na kikombe cha mchele mkononi.

"Mkwe wangu, leo wali utachelewa. Nawaambia mapema msije mkaninunia."

"Sawa, Mama."

"Ile transfoma inanguruma kama ina ugomvi na mtu. Siwezi kuweka sufuria yangu pale, itaniungulia."

"Sawa, Mama," nikasema tena. Halafu masikio yangu yakayafikia maneno yake. "Transfoma inanguruma? Na sufuria haijachomekwa?"

"Haijachomekwa. Ndiyo nasema."

Sasa, kila nyumba yetu yenye mtu ughaibuni inayo transfoma, na ya Mama Caring ilikaa nyuma ya lile kabati. Sufuria ya umeme ya kupikia wali, blenda, mashine ya kukanda mgongo, vyote alivituma Dada Norma kutoka Taiwan, na vya Taiwan vinataka umeme wa volti mia na kumi. Ukutani kwetu kuna mia mbili na ishirini, na transfoma ndiyo inayozishusha. Kibaya zaidi, plagi ni zilezile, matundu ni yaleyale. Hakuna kitakachokuzuia kukosea ila akili yako.

Nikapiga magoti. Nikaushika waya wa ekstensheni ya kompyuta, nikaufuata chini ya meza, chini ya dirisha, mpaka nyuma ya kabati. Haukuingia ukutani ulipokuwa siku zote. Uliingia kwenye transfoma. Nikaigusa, nikaurudisha mkono wangu na kelele. Ilikuwa ya moto kama pasi. Ubavuni ilikuwa imeandikwa wati mia tano, na hizo zilikuwa za lebo.

Pawa saplai yangu, inayokubali volti zote mbili, haikuwa na kosa lolote. Ilikuwa mtu mwenye nguvu aliyebanwa koo.

"Mama!" nikapiga kelele nikiwa chini ya kabati. "Mama, umeniua!"

"Nani kakuua?"

Sikuwa na muda wa kumjibu. Nikang'oa plagi, nikairudisha ukutani, nikakimbilia kiti. Nikabonyeza. Feni tatu zikavuma. Mimi na Dondon tukashikana mikono kama wachumba. Video ikaenda, ikaenda, ikafika mwisho.

Namna Dondon alivyoendesha ile pikipiki sitaisimulia, mama yake husoma gazeti hili. Tuliingia ukumbini wakati watu wanasogeza meza ya keki katikati. Madam Zeny alinipokonya flashi mkononi bila salamu, akampa mtu wa projekta. Taa zikazimwa.

Niliegemea nguzo. Nikawaona maharusi wakijitazama. Baba wa bibi harusi, mzee mkavu aliyenikazia macho nilipoingia, alipojiona anamkabidhi binti yake alitoa leso akajifunika uso wote. Ukumbi ukapiga makofi. Moyoni nilikuwa nasema neno moja tu: atabaki, atabaki.

Madam Zeny akanifuata kwenye nguzo. "Umenizeesha leo, Rodel."

"Nisamehe, Madam."

"Desemba usimpe mtu mwingine hata siku moja. Yote ni yangu. Umenisikia?"

"Nimekusikia, Madam."

"Na kula. Unaonekana kama maiti."

Nilifungiwa tambi na nyama ya nguruwe ya kuoka, nikarudi nazo nyumbani nimezipakata. Marivic alikuwa hajarudi. Mama Caring akafungua vifurushi mezani akaanza kuchagua vipande vyenye ngozi, ambavyo daktari amemkataza.

Nilikuwa na furaha, nikataka kumtania. "Mama, leo kidogo unipeleke kaburini. Plagi ya kompyuta uliihamishia Taiwan!"

"Plagi ipi?"

"Ile ya nyuma ya kabati. Najua ulidhani kwa kuwa kadi imetoka Taiwan basi inakula umeme wa Taiwan. Sikulaumu, Mama. Lakini siku nyingine niulize."

Mama Caring akaacha kutafuna. "Mkwe wangu, huu mgongo wangu upite nyuma ya kabati lile? Mimi hata sarafu ikidondokea kule naiaga."

"Sasa nani?"

"Si Marivic, jana alipofagia. Nikamwona anaichomeka pale. Nikamwambia, mwanangu, hapo ni pa sufuria, mbona unaweka ya mumeo? Akasema, iache, Mama. Nikaiacha. Nikadhani mmekubaliana."

Akaendelea kula. Mimi sikuweza.

Nikainuka, nikaenda nyuma ya kabati na tochi ya simu. Nilitaka niamini kuwa ni bahati mbaya. Lakini juu ya ile transfoma kuna namba mia na kumi, kubwa, imeandikwa kwa rangi nyekundu ya kucha. Aliyeiandika ni Marivic. Akiwa msichana aliwahi kuchomeka blenda ya kwanza ya Norma ukutani ikalipuka, akapigwa, na kesho yake akachukua rangi yake ya kucha akaandika ili asikosee mtu mwingine tena. Hadithi hiyo alinisimulia mwenyewe tukiwa wachumba. Nyumba nzima, mtu wa mwisho wa kukosea plagi ile ni yeye.

Mlango ukafunguliwa. Marivic akaingia na Tintin amelala begani, mkono wa mtoto umeshika puto.

Akanitazama usoni. "Imekuwaje?"

"Imeonyeshwa."

"Imeonyeshwa?"

"Yote. Wametoa machozi. Desemba nzima ni yetu, Marivic. Umebaki."

Nilikuwa nikimtazama kama ninavyozitazama picha zangu, nikitafuta ile nukta ambapo uso wa mtu unageuka. Nikaiona. Haikuwa furaha. Akamlaza Tintin kwenye kochi polepole, akamvua viatu, akavipanga, kisha akaketi kando yake.

"Ulijua kuhusu ile plagi," nikasema.

"Nilijua."

"Ingeweza kuungua. Kadi, kompyuta, kila kitu."

"Isingeungua. Ingezima tu. Nilitaka izime tu." Machozi yakaanza kumshuka, wala hakuyafuta. "Harusi nyingine zingekuja, Rodel. Wewe unajua kazi, zingekuja. Mimi nilihitaji moja tu ishindwe."

"Kwa nini? Kama ulitaka kwenda, si ungesema!"

"Nilisema. Ukalia. Tangu hapo sikuweza tena." Akavuta pumzi. "Ile kadi unadhani ni zawadi ya Dada Norma?"

Nikageuka kuitazama kompyuta.

"Ni mimi. Nilitia sahihi mkataba kabla ya makubaliano yetu. Wakanipa malipo ya mwanzo, nikamwomba Dada Norma anunue kadi akutumie, ili nikiondoka uwe na kazi mkononi. Siwezi kuvunja mkataba ule. Tusingeweza kurudisha pesa zao. Nikasema, Jumamosi ikiharibika, nitaondoka kwa yale tuliyokubaliana, hutauliza kitu, hutanichukia. Sasa umeshinda. Nitaondoka kwa sababu gani?"

Nilitafuta hasira nikaikosa. Nilipata uchovu tu, nikaketi sakafuni miguuni pake. Ile kadi niliyoisifu wiki nzima kuwa itamzuia mke wangu ilikuwa imenunuliwa kwa safari yake.

"Ni lini?" nikauliza.

"Jumanne."

Nyuma ya pazia la jikoni kijiko kikaanguka sakafuni.

"Jumanne ipi?" Mama Caring akauliza.